Baba aliwekewa stenti, sasa kifua kinambana tena akipanda mlima, wanasema ni gesi

SWALI

Shikamoo dada. Mimi nipo Lushoto, ni mtoto wa nne kwa baba yangu, naandika kwa niaba ya nyumba nzima manake tumegawanyika na mzee mwenyewe hataki hata kuliongelea hili jambo.

Baba ana miaka 66, ana sukari ya siku nyingi na presha pia. Miezi 14 iliyopita alipata shambulio la moyo, tukahangaika naye mpaka Dar, kule wakampiga anjiogramu wakakuta mishipa miwili imeziba wakamwekea stenti mbili. Alirudi nyumbani mzima kabisa dada, yaani mtu aliyetoka hapa amebebwa akarudi anatembea, na kama unaijua Lushoto unaujua mlima ninaousema, kutoka barabarani mpaka kwetu ni kupanda tu, alikuwa anaupanda mwenyewe na fimbo yake, anaenda shamba, Ijumaa anaenda msikitini, sisi tukajua yameisha.

Sasa kama wiki sita hivi zimepita nikaanza kuona anasimama njiani. Mwanzo alikuwa anasimama juu kabisa karibu na nyumbani, siku hizi anasimama hapa katikati kwenye duka, kabla hata hajafika nusu. Anajifanya anasalimia watu, anauliza habari za mahindi, lakini mi namwona mkono uko kifuani. Nilipombana sana ndo akaniambia kifua kinabana na kinawaka hapa katikati, saa nyingine mpaka kwenye taya, akisimama dakika tatu nne kinaachia anaendelea. Akikaa tu nyumbani hana shida yoyote, anakula, analala vizuri.

Tukampeleka kituo cha afya wakampima ECG wakasema iko vizuri, wakasema hiyo ni gesi na vidonda vya tumbo wakampa omeprazo. Wiki mbili hakuna mabadiliko. Tukampeleka hospitali nyingine wakampiga eko wakasema moyo unasukuma vizuri. Basi mama akasema yametosha, vipimo viwili vimesema moyo uko safi mnataka nini tena.

Kaka yetu mkubwa yuko Arusha, yeye anasema stenti zimeisha muda wake zinatakiwa zitolewe ziwekwe mpya, na anatulaumu sisi tulioko nyumbani kwamba tungekuwa tunampeleka kupigwa anjiogramu kila mwaka haya yasingetokea. Jirani yetu kamletea mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na limao anasema unazibua mishipa, alafu akamwambia ile dawa ya kolesteroli inaua maini, na baba ameiacha, sina hakika tangu lini ila kwenye kikopo imejaa vumbi. Aspirini na klopidogreli anameza.

Mdogo wetu wa mwisho anaolewa miezi miwili ijayo na baba amesema haendi popote mpaka harusi ipite.

Dada naomba unisaidie, stenti ikishawekwa inaweza kuziba tena? Na itajulikanaje wakati vipimo vinasema yuko sawa? Na je tusubiri harusi?

Binti wa Lushoto


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri mpaka umalize kusoma lakini hili haliwezi. Msisubiri harusi. Baba yako anatakiwa amwone daktari wa moyo wiki hii, na nitakueleza kwa nini nasema wiki hii na sio mwezi huu.

Kwenye barua yako umeandika jambo moja ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko ECG na eko zote mbili. Umesema mwanzo alikuwa anasimama juu karibu na nyumbani, sasa anasimama dukani kabla ya nusu. Yaani mlima ni uleule, mtu ni yuleyule, ila maumivu yanamkuta mapema zaidi. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu akijituma na kuondoka akipumzika, tena yakapanda mpaka kwenye taya, kwa mtu mwenye stenti hayo ni ya moyo mpaka daktari wa moyo athibitishe kwamba sio. Na yakianza kuja kwa kazi ndogo kuliko zamani ndani ya wiki chache, hapo tunasema hali inapanda, haijatulia, na mtu wa namna hiyo hawekwi kwenye foleni ya baada ya sherehe.

Na kabla sijaenda mbali, hii iandike ukutani. Siku maumivu yakimkuta amekaa tu, au yakipita dakika kumi hayajaachia hata akipumzika, au akatoka jasho jingi la baridi, akaishiwa pumzi, akataka kuzimia, hapo hamwiti jirani wala hamtafuti gesi. Mpeni aspirini atafune, miligramu mia tatu, kama mnazo zile ndogo za 75 basi nne, azitafune asimeze nzima (isipokuwa kama daktari alishamkataza aspirini au anatapika damu), na mnatafuta gari muda huohuo kwenda hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa mgonjwa wa sukari muwe macho zaidi, manake sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu na maumivu yanaweza yasije kabisa, ikaja pumzi kukatika tu au uchovu usioeleweka.

Sasa turudi kwenye swali lako la kwanza. Ndio, sehemu iliyowekwa stenti inaweza kusinyaa tena, na haimaanishi waliomweka walikosea wala baba amefanya dhambi gani. Stenti ni kijibomba cha nyavu za chuma, kinaingizwa kimekunjwa juu ya puto, puto linajazwa, chuma kinatanuka na kubaki kinausukuma ukuta wa mshipa usirudi. Lakini ule ukuta umechubuliwa, na mwili ukichubuliwa unaota nyama ya kovu. Kuna watu wakijikata kidogo tu wanaota kovu kubwa lililovimba, na kuna watu linabaki alama tu, basi na ndani ya mshipa ni hivohivo, kuna anayeota utando mwembamba unaofunika chuma vizuri (na huo tunautaka), na kuna anayeota nene mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba tena. Madaktari wanahesabu kwamba imesinyaa tena pale njia inapokuwa imebanwa kwa asilimia 50 au zaidi, ndani ya stenti yenyewe au pembeni yake milimita tano kila upande.

Hili tatizo lina umri sawa na matibabu yenyewe. Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza pale Zurich mwaka 1977 dunia ilishangilia, lakini ikaja kuonekana kwamba katika watu kumi waliotanuliwa kwa puto peke yake watatu wanne hivi, mshipa unarudi kubana ndani ya miezi michache tu. Ndo maana 1986 Jacques Puel kule Toulouse na Ulrich Sigwart kule Lausanne wakaanza kuacha chuma ndani. Chuma kilisaidia lakini kovu likaota kupitia kwenye nyavu, kwa hizo stenti za chuma kitupu bado ilikuwa kama watu wawili mpaka watatu katika kumi. Alafu zikaja stenti zilizopakwa dawa inayozuia kovu kuota, ya kwanza kwa binadamu iliwekwa na Eduardo Sousa pale São Paulo mwishoni mwa 1999, na kwa hizi za sasa imeshuka chini ya mmoja katika kumi. Imeshuka, haijaisha. Na nikisoma barua yako baba yako ana vitu vinavyomsogeza upande mbaya, sukari ndo ya kwanza kabisa. Vingine ni mshipa mwembamba, stenti ndefu, stenti zilizopandana, figo kuchoka, na mishipa iliyojaa chokaa ambayo inafanya stenti isitanuke vizuri tangu siku ya kwanza.

Kuna na njia ya pili ambayo inaendana na kile kikopo chenye vumbi. Ukishapita mwaka hivi, au hata kabla, ndani ya stenti yanaweza kuanza kujengeka mafuta mapya, yaani ugonjwa uleule wa mwanzo unarudi juu ya chuma. Na bado kuna mishipa mingine ambayo haikuwekwa kitu, nayo inaendelea na ugonjwa wake, kwa hiyo maumivu mapya wakati mwingine sio stenti kabisa, ni mshipa mwingine umefika zamu yake. Kwa nje huwezi kutofautisha, mlima utambana vilevile.

Hiyo tuitofautishe na damu kuganda ghafla ndani ya stenti. Hiyo haiji kwa wiki sita, inakuja kwa dakika, ni shambulio la moyo kamili na inaua, na moja ya sababu zake kubwa ni mtu kuacha dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya muda. Nashukuru Mungu hizo, yaani aspirini na klopidogreli, baba anameza.

Sasa vipimo, na hapa nataka umsomee mama huu ujumbe taratibu kwa sababu mama hakukosea kuuliza, ameambiwa vipimo viwili vizuri, nani asingefurahi.

ECG inasoma umeme wa moyo kwa sekunde chache ambazo mtu amelala kitandani. Baba yako akilala kitandani hana maumivu, si umeandika mwenyewe? Damu inayopita kwenye mshipa uliobana inamtosha akiwa amelala, haimtoshi akipanda mlima. Kwa hiyo ECG ya kulala inaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye mshipa uliobana asilimia 80. Haina maana kipimo ni kibovu, kinasaidia sana wakati maumivu yapo, na ni muhimu daktari ailinganishe na ECG yake ya zamani, ila hakina uwezo wa kuiona stenti ndani. Na eko nayo ni ultrasaundi ya moyo, inaangalia misuli inavyosukuma na vilango vinavyofunga, haioni ndani ya mishipa ya moyo. Moyo unaweza kusukuma vizuri kabisa leo na mshipa ukawa umebana, misuli inalegea pale ikishakosa damu au ikishakufa. Kwa hiyo maneno "moyo uko safi" hayakuwa majibu ya swali mlilopeleka. Majibu sahihi yalikuwa "akiwa amepumzika hatujaona kitu."

Vipimo vinavyojibu swali lenu viko vya namna mbili. Vya kwanza ni vya kuusumbua moyo makusudi huku unauangalia. Kuna kutembea kwenye mashine huku ECG imebandikwa, ni rahisi na inapatikana sehemu nyingi ila inakosea mara nyingi zaidi, hasa kwa watu wenye stenti, na inataka mtu anayeweza kutembea kweli. Bora zaidi ni eko ya kuusumbua moyo, ama kwa mazoezi ama kwa dawa inayoitwa dobutamini inayoufanya uende mbio, wanaangalia ni kipande gani cha ukuta kinachozembea moyo ukikimbia, na kipande kinachozembea kinawaambia ni mshipa gani. Penye vifaa vya nyuklia wanaweza pia kupiga picha ya damu inavyosambaa kwenye misuli. Ila nikwambie ukweli, kwa mtu ambaye maumivu yake yanapanda kila wiki kama baba, daktari anaweza akaruka hivi vyote, na akiruka msimwone kama anataka hela, kumkimbiza kwenye mashine mtu ambaye hali haijatulia ni hatari.

Vya pili ni vya kutazama mshipa wenyewe. CT skani ya mishipa ya moyo haimchomi popote zaidi ya sindano ya dawa mkononi, na kwa mtu ambaye hajawahi kuwekewa stenti ni kipimo kizuri sana. Kwa mwenye stenti kuna kikwazo, chuma kinang'aa kwenye picha, kinaonekana kinene kuliko kilivyo na kinaficha ndani yake. Stenti yenye kipenyo cha milimita tatu kwenda juu mara nyingi inasomeka, nyembamba zaidi ya hapo mara nyingi majibu yanakuwa ya kubahatisha. Ndo maana nakuomba sana utafute ile kadi ya stenti. Hospitali huwa inampa mgonjwa kadi au inaandika kwenye karatasi za kuruhusiwa, stenti aina gani, kipenyo kiasi gani, urefu kiasi gani, iko mshipa upi, tarehe gani. Wengine wanapewa na CD ya anjiogramu yenyewe. Hiyo karatasi mzee anaweza akawa ameiweka kwenye begi la hati za shamba, itafute leo usiku. Daktari akiona stenti ya milimita 2.5 hatampotezea muda kwenye CT.

Alafu ndo inakuja anjiogramu, ileile aliyofanyiwa mwanzo. Wanapita kwenye mshipa wa kifundo cha mkono au wa paja, wanamwaga dawa kwenye mishipa ya moyo na kuitazama kwa eksirei ikitembea. Hii ndo inayomaliza ubishi, na uzuri wake ni kwamba wakikuta tatizo wanaweza kulitibu papo hapo mtu akiwa bado yuko mezani. Penye ubishi, labda picha inaonyesha imebana nusunusu, wanaweza kupitisha waya mwembamba wenye kipima presha, wanalinganisha presha ya damu baada ya mbano na kabla ya mbano, ikiwa 0.80 au chini hapo mbano unanyima moyo damu kweli na unastahili kutibiwa. Na penye vifaa wanaingiza kamera ndogo sana ya ultrasaundi au ya mwanga ndani ya mshipa, hii mimi naipenda kwa sababu inajibu swali la "kwa nini". Ni kovu? Ni mafuta mapya? Au stenti haikutanuka vizuri tangu mwanzo, au imevunjika? Matibabu yanatofautiana, ukiweka stenti juu ya stenti ambayo haikutanuka umerudia kosa lilelile mara mbili.

Kwa baba, kwa sababu ya sukari, kabla ya CT au anjiogramu wapime figo kwanza, ile dawa ya picha inazisumbua figo zilizochoka. Kama anameza metformini, ile dawa ya sukari, awaambie, wanaweza wakamwambia aisimamishe kwa muda.

Pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, anjiogramu na stenti zinafanyika, na kama matibabu ya kwanza yalikuwa hospitali nyingine Dar na picha zake ziko kule basi kurudi kulekule kunaokoa muda. Mnahitaji barua ya rufaa, hasa kama mnatumia bima, na barua ikiandikwa "maumivu ya tumbo" itawakwamisha. Muombe daktari wa hapo aandike haya: mgonjwa wa sukari, stenti mbili miezi 14 iliyopita, maumivu ya kifua akijituma yanayoachia akipumzika, yameongezeka ndani ya wiki sita, ECG ya kupumzika ya kawaida. Mistari miwili tu lakini daktari yeyote wa moyo akiisoma anasimama.

Na chumbani kwa daktari aingie na wewe, au na mtu aliyemwona njiani. Baba anayejifanya anauliza habari za mahindi ili watu wasione amechoka, huyo akiulizwa na daktari "unaendeleaje" atajibu sijambo, namshukuru Mungu. Wewe ndo utaje duka.

Sasa kaka yako wa Arusha. Mwambie kwa heshima kwamba stenti haina tarehe ya kuisha na haitolewi, baada ya miezi kadhaa mwili unakuwa umeshaifunika kwa nyama yake ikawa sehemu ya mshipa. Ikibana inatibiwa ikiwa palepale. Na kuhusu lawama ya anjiogramu kila mwaka, hapo naomba alegeze roho. Kule Korea Kusini walichukua wagonjwa 1,706 wa stenti, tena wale wa hatari kubwa, wengi tu wana sukari, nusu wakapimwa vipimo vya kuusumbua moyo baada ya mwaka hata kama hawana dalili, nusu wakaachwa wapimwe pale tu dalili zikija. Majibu yalitoka 2022, waliopimwa kwa ratiba hawakupungukiwa vifo wala mashambulio ya moyo kuliko wale wengine. Kwa hiyo hamkumkosesha baba kitu. Kinachotakiwa mwaka mzima ni kliniki, sukari, presha, kolesteroli, na mtu wa kumwangalia anavyotembea, na huyo mtu kumbe alikuwepo, ni wewe.

Jirani naye. Najua ametoka kwake na moyo mzuri, na tangawizi na limao kwenye chai hakuna ubaya. Ila hakuna kinywaji kinachoyeyusha kovu lililoota kwenye nyavu za chuma, na kitunguu saumu kwa wingi kwa mtu anayemeza aspirini na klopidogreli kwa pamoja kinaweza kumzidishia kutokwa na damu. La dawa ya kolesteroli ndo linaniuma kidogo. Ile dawa ya jamii ya atovastatini madhara makubwa ya ini ni nadra sana, na kama kuna wasiwasi ini linapimwa kwa damu tu, wakati kwa mtu aliyekwishapata shambulio la moyo yenyewe ni kati ya dawa zinazomweka hai. Miongozo ya Ulaya inataka ile kolesteroli mbaya, LDL, kwa mtu kama baba ishuke chini ya 1.4 kwa maabara zinazotumia milimoli, au 55 kwa zinazotumia miligramu. Airudie, na mumwambie daktari ukweli kwamba aliacha, wasije wakaona kolesteroli iko juu wakadhani dawa imeshindwa.

Kuna na hii ya omeprazo, wengi hawaijui. Klopidogreli ikifika tumboni bado haijawa dawa, inabadilishwa na ini ndo inaanza kazi, na omeprazo inakizuia kile kimeng'enya kinachoibadilisha. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya zisimezwe pamoja. Kama kweli tumbo lake linahitaji ulinzi, na kwa mtu wa aspirini mara nyingi linahitaji, kuna pantoprazo ambayo haisumbui hivo. Usimwachishe klopidogreli hata siku moja kwa ajili hii, muulizeni daktari tumbo lilindwe na nini, na hapohapo muulizeni kama klopidogreli yenyewe bado anaihitaji, manake baada ya shambulio la moyo kawaida hizo mbili zinaenda pamoja kama miezi 12 alafu aspirini inaendelea yenyewe. Lakini sio sasa, sasa hivi ana maumivu mapya, hakuna kuacha kitu mpaka aonekane.

Daktari anaweza kumpa na dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Hiyo ikichanganyika na dawa za nguvu za kiume presha inaporomoka, mtu anaweza kuanguka asiinuke. Hili wewe binti huwezi kumuuliza baba yako, najua, kaka ndo alibebe, ampigie wazungumze wanaume wawili. Angalau lawama zake zipate kazi ya maana.

Wakikuta kweli stenti imebana, msikate tamaa, mara nyingi inatibika bila kupasua kifua. Wanaweza kuitanua kwa puto lenye nguvu, wanaweza kutumia puto lililopakwa dawa ambalo linaiacha dawa ukutani linatoka bila kuacha chuma kingine, au kuweka stenti nyingine yenye dawa ndani ya ile ya kwanza. Penye chokaa ngumu kuna hadi puto la mawimbi la kuipasua chokaa. Na kama mishipa mingi imeshika, kwa mgonjwa wa sukari upasuaji wa kupandikiza mishipa mara nyingi ndo unampa miaka mingi zaidi, wakilisema hilo sikilizeni kwanza kabla ya kukimbia. Wakikuta stenti iko wazi na mishipa mingine iko vizuri pia ni habari njema, hapo ndo tutarudi tuongee habari za tumbo.

Kuhusu harusi, mwambie baba anaolewa mtoto wake na yeye ndo walii, anatakiwa awepo amekaa pale. Akienda wiki hii, miezi miwili inatosha kabisa kupima, kutibiwa na kurudi. Nadhani kwa maneno hayo atakubali haraka kuliko kwa maneno yangu ya vipimo.

Siku ya safari asipande wala kushuka huo mlima kwa miguu, pikipiki au gari imfuate mlangoni mpaka stendi, mabegi abebe mwingine, aspirini mkae nayo mkononi sio kwenye buti, na kama kifua kitambana njiani hakiachii msiseme tufike Dar kwanza, shukeni hospitali ya karibu. Mpe mzee shikamoo yangu, na mkishaiona kadi niandikie vipimo vya stenti vilivyoandikwa.